Samli Kwenye Miguu ya Ng'ombe

Carama, Bujumbura
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si mbiombio kama kawaida yako. Goti linasemaje? Na Bibi, kile kikohozi cha alfajiri kimemwacha alale kidogo? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, naswali, Mjomba Hamisi na mke wake wananitunza kama mtoto wa tumbo lao. Ila moyo, Mama, haujatulia tangu juzi, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu kaka Idi anakuwa pembeni yako, "anasemaje, anasemaje?", na unanijua mwanao: mtu wa pili akitega sikio tu, maneno yananikauka mdomoni. Barua hii nampa jirani anayekuja Kigoma kufuata dagaa. Isome peke yako kwanza. Wengine utawahadithia utakavyoona.

Shule imefunga, na likizo hii nashinda na Mjomba kwenye lavaji yake, pale anapooshea pikipiki za watu kando ya barabara. Magurudumu ameniachia mimi. Anasema nina subira, lakini nadhani ameona kwamba gurudumu haliongei na mimi siongei, basi tunaelewana. Si kazi ya kupuuza. Pikipiki ikifika kutoka safari unaiacha kwanza ipoe kivulini, maana chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi rangi inakuja kubabuka. Kisha unamwaga maji mengi mchanga wote uteremke kabla kitambaa hakijagusa, la sivyo unasugua na mchanga. Baada ya hapo sabuni laini ya vyombo, kitambaa cha fulana iliyochakaa, na mswaki mkuukuu kwa zile kona. Hakuna petroli, hakuna ndimu, hakuna waya wa kusugulia. "Jante si sufuria," Mjomba anasema kila siku. Jante ni lile duara la chuma linalovaa tairi. Lakini linalomfanya abadilike sura ni mafuta. Mafuta yakifika kwenye breki, au kwenye ngozi ya tairi inayokanyaga barabara, hacheki tena. Siku za kwanza nilidondosha tone moja la mafuta ya cheni karibu na diski ya breki, ile sahani ya chuma inayobanwa ili gurudumu lisimame, akanishika mkono akaniambia kwa sauti ndogo kabisa, "Apo ndipo roho ya mutu inakaa."

Wiki iliyopita akaja Désiré, kijana wa jirani anayechomelea milango ya chuma, na pikipiki mpya nyeusi yenye jante za rangi ya dhahabu. Haikuwa yake ya kupanda. Ilikuwa ng'ombe. Usicheke, Mama. Hapa mahari inasemwa kwa ng'ombe hata kama hakuna ng'ombe. Wazee wanasimama, wanasifu pembe, wanasifu maziwa, na kilichokuja ni bahasha. Sasa ukoo wa Désiré ulikuwa umepatana na wazazi wa mchumba wake, Aline, kwamba ng'ombe atakuwa pikipiki, kwa sababu baba yake Aline, Mzee Melkiori, amechoka kutembea kwa miguu kutoka Gasenyi mpaka mashamba yake ya mpunga Buterere. Kazi yetu ilikuwa kuiosha Jumamosi asubuhi, na mimi nifuatane nayo kwenye sherehe na kitambaa changu, niifute vumbi la njiani kabla haijaingia uani.

Niliiosha vizuri. Nasema hivyo na mimi si mtu wa kujisifu. Jante zilikuwa zinawaka, na nilizikausha hata nyuma ambako hakuna anayeangalia. Mjomba akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda mazikoni kwa rafiki yake huko Buyenzi. Désiré alikuwa kwa kinyozi. Nikabaki peke yangu, na hapo ndipo alipofika Shangazi Konsolata.

Huyu ni dada wa marehemu baba yake Désiré, ndiye aliyemlea. Mama wa mwili mkubwa, mwenye kitambaa cha hariri begani na sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. Mkononi alikuwa na kibuyu.

"Nani ameosha ngombe?"

"Ni mimi, mama."

Akaizunguka. Akapitisha kidole kwenye tangi. "Iko kavu! Ngombe ya mahari inaenda kavu ivi? Watu ya Gasenyi waseme kwa Désiré kuna njaa?"

Kumbe kwao huko milimani, ng'ombe anayepelekwa kwa wakwe hupakwa samli mwili mzima, ang'ae, watu wajue alikotoka kuna maziwa. Na yeye alikuwa amebeba samli kutoka kwao, kwenye basi, magotini, njia nzima. Akachota kwa kiganja akaanza. Alipaka tangi, alipaka taa, nikasema moyoni haidhuru, hiyo itafutika. Kisha akachuchumaa.

"Miguu ndio inaonwa ya kwanza," akasema.

Mama, alipaka magurudumu yote mawili. Alipaka jante, alipaka tairi mpaka pale linapokanyaga, alipaka diski za breki pande zote mbili, akiingiza vidole kwa upendo kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Huku anaimba. Mimi nilifungua mdomo nikasema, "Mama, apo..."

"We mutoto, shika kibuyu."

Nikashika kibuyu.

Ndiyo hivyo, Mama, sitapamba. Nilijua yale mafuta yamefika wapi, na nilisimama nimekishika kibuyu mpaka amalize. Nilijiambia Désiré akirudi nitamwambia yeye. Désiré akarudi na shingo mpya na suti, ndugu wamemzunguka wanamtania, "Leo unafungwa, kijana!", nikashindwa kupenya. Nikajiambia nitasema kwenye gari. Pikipiki ikapandishwa kwenye pikapu, imefungwa riboni nyeupe, maana ng'ombe wa mahari hapandwi na aliyemleta. Mimi nikakaa nyuma naishikilia, na mbele Shangazi Konsolata anaimba na wenzake, hawasikii kitu. Nikajiambia nitasema tukifika. Kila nilipojiambia hivyo nilikuwa nafuta vumbi palepale kwenye tangi, kana kwamba kufuta ni kusema.

Kwao Aline ni nyumba ya matofali juu ya mteremko. Ukitoka getini barabara inashuka moja kwa moja mpaka kwenye mtaro mkubwa wa mawe, na watoto wa mtaa wanacheza hapohapo. Uani hema lilikuwa limejaa, ukoo huu upande huu, ukoo ule upande ule, soda, pombe ya ndizi, wasemaji wawili wamevaa mashuka. Waliongea sana. Msemaji wetu alisema ng'ombe wetu amekunywa maji ya mto safi. Msemaji wao akajibu kwamba anamwona, ana jicho moja tu, lakini linawaka. Watu wakacheka. Shangazi Konsolata alikuwa anatoa machozi ya furaha, kwa sababu kweli pikipiki iling'aa kuliko kitu chochote pale uani, na kila mtu alisema hivyo.

Kisha ufunguo ukafungwa kwenye kamba ya katani, ndiyo kamba ya ng'ombe, na Désiré akampa Mzee Melkiori kwa mikono miwili. Na desturi yao, Mama, baba mkwe akishapokea kamba lazima amtoe ng'ombe getini, aende naye kidogo barabarani, majirani wamwone. Hapo ndipo amempokea. Akirudi uani anasema ndiyo, na binti ametoka.

Mzee akapanda. Mtu mwembamba, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Zamani aliwahi kuwa na pikipiki, hakuhitaji kufundishwa. Akaingiza ufunguo, injini ikanguruma, geti likafunguliwa, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikaona ule mteremko, na wale watoto, na mtaro.

Sauti haikuja. Mkono ndio ulikwenda. Nilisogea, nikanyoosha mkono mbele ya kifua cha mzee, nikachomoa ufunguo.

Vigelegele vilikatika kama mtu amefunga bomba. Ubaridi nilioupata sijawahi kuupata, hata siku ile maji ya ziwa yalipoingia ndani kwetu. Msemaji wao akasimama, shuka limemdondoka begani.

"Mumeona wote! Wametoa kamba mu mukono ya muzee! Wamepokonya ngombe yao!"

"Apana! Apana!" Désiré akapiga kelele. "Si ni mutoto tu! Zainabu, nini ii? Rudisha!"

"Nani huyu? Ni mutoto ya nani?"

Shangazi Konsolata alikuwa amekwisha kufika, amenishika sikio. "Unatutia aibu! Unataka kuvunja ndoa ya mutoto wangu?"

Nikasema. Maneno ya kwanza yakanitoka kwa Kifaransa cha darasani, kama nimeitwa ubaoni, watu wakazidi kushangaa. Kisha nikasema kwa Kiswahili, "Breki zimepakwa samli. Muzee akishuka hataweza kusimama."

Nilikuwa nimesema jambo baya kuliko kupokonya ufunguo: nilikuwa nimesema mbele ya wakwe kwamba ng'ombe wao ni mgonjwa. Kwa hapa, Mama, ng'ombe akilaumiwa ni bwana harusi amelaumiwa, na watu wamewahi kuinuka na kuondoka kwa neno dogo kuliko hilo. Désiré aliniangalia kama nimempiga kofi. Akaninyang'anya ufunguo, hakuutumia; akamshusha mzee, akapanda yeye.

"Ntawaonyesha," akasema. Akaomba watoto watolewe barabarani. Akaiachia pikipiki iteremke injini imezimwa, amebana breki zote mbili. Tuliona vidole vyake vimebana. Pikipiki ikaendelea tu, ikaongeza mwendo, na yeye akaanza kuburuta viatu vyake vipya, mguu huku na mguu huku, mpaka akakumbatia nguzo ya umeme hatua chache kabla ya mtaro. Aligeuka. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu.

Msemaji wao akasema polepole, "Kumbe mulituletea ngombe ya kuua mukwe."

"Ni mimi nilipaka!" Shangazi Konsolata akalia. "Mi mwenyewe, na mikono yangu! Kwetu ngombe aendi kavu! Mi najua wapi mambo ya breki?"

Kijana mmoja nyuma akasema, "Samli iko tayari, leteni ugali," na wengine wakacheka kwa woga. Lakini Mzee Melkiori hakucheka, na Aline, niliyemwona dirishani, alikuwa amejifunika uso.

Walipoirudisha pikipiki uani, shangazi wa watu akataka kurekebisha alichokiharibu. Alikimbilia jikoni akatoka na majivu, mchanga, na waya wa kusugulia sufuria, akapiga magoti na nguo yake ya sherehe, akaanza kusugua jante. Nilisikia ile sauti, krrr, kwenye rangi ya dhahabu.

"Acheni!" nikasema. Mimi huyo, Mama. Nilimpigia kelele mtu mzima, na bado nasikia haya. Nilimshika mkono. Lakini mkwaruzo ulikuwa umekwishaingia, mrefu kama kidole, mpaka chuma cheupe kinaonekana, na upo mpaka leo.

Nikaomba maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Nikaosha mbele ya koo mbili, wote wameketi wananiangalia, na unajua mimi hata kula mbele ya wageni siwezi. Samli haitoki mara moja. Inateleza, inaganda, unabadilisha maji, unabadilisha kitambaa, unapitisha mswaki. Mzee Melkiori alikuja akachuchumaa karibu yangu, akaangalia mikono yangu muda mrefu.

"Sasa imepona?" akaniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo, sherehe ikaendelea. Wote walikuwa wanangoja ndiyo. "Apana, muzee. Jante na tairi ni safi. Lakini plakete, zile pedi ndogo zinazobana diski, zimekunywa mafuta. Ni kubadilisha tu. Leo isipandwe."

"Na wewe ulijua tangu wakati gani?"

Mama, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza hilo. Désiré hakuuliza. Wengine walikuwa wameanza kuninong'onea kwamba nimeokoa mtu. Mzee aliuliza kwa upole tu, miwani yake karibu na uso wangu, na nikaona siwezi kudanganya.

"Tangu Carama."

Akasimama. Alipangusa magoti yake. Akawaambia wakwe, "Chakula kipo, kuleni. Jibu letu mutalipata kesho." Kisha akanielekezea kidole. "Kesho ngombe inatibiwa apa apa. Na uyu aliyenyamaza, mi nikipanda, anakaa nyuma yangu."

Chakula kile hakuna aliyekimeza vizuri. Njia ya kurudi hakuna aliyeimba. Nyumbani nilimwambia Mjomba yote. Mwanzoni alishangaa sehemu moja tu: "We ulisema? Kwa sauti? Mbele ya watu?" Nilipofika kwenye kibuyu akaacha kula. Hakunigombeza. Alisema, "Ningekuwa nimeenda mazikoni mara mbili," akanawa mikono akaingia ndani. Ningependa angenichapa.

Jana Jumapili, watu walipotoka kanisani, tulikwenda Gasenyi, mimi na Mjomba na plakete mpya. Désiré alikuwepo, na Shangazi Konsolata na rozari yake, amesimama nje ya geti, hakutaka kuingia. Mjomba alifungua, mimi nikasafisha kila kitu kinachogusa diski, nikakausha, nikasafisha tena. Mjomba akafunga. Akaijaribu yeye uani, ikashika. Hakusema "sasa iko sawa". Alinitazama mimi, nami nikasema, "Iko sawa."

"Panda," Mzee Melkiori akasema.

Nilipanda nyuma yake. Sikujua pa kushika, kwa haya, mpaka akaniambia, "Shika koti, mutoto, mi si mzigo ya mayai." Geti likafunguliwa. Safari hii hakuna aliyepiga vigelegele. Akaiacha ishuke na injini, si polepole, Mama, kwa mwendo wa mtu anayetaka kujua. Niliona mtaro unakuja. Nilitaka kufumba macho, nikakumbuka kwamba ni mimi niliyesema iko sawa, nikayaacha wazi. Nilihesabu nguo za mtu zilizoanikwa. Mtaro ulikuwa palepale. Akabana.

Ilisimama. Ilisimama kwa heshima, bila kuteleza, kiasi kwamba kichwa changu kiligonga mgongo wake. Tukakaa pale. Injini inanguruma, mbele yetu mawe ya mtaro na mfuko wa plastiki unaopepea ndani.

"Uliogopa?" akauliza bila kugeuka.

"Ndiyo, muzee."

"Mi pia."

Akageuza pikipiki. Tulipopanda juu nilimwona Shangazi Konsolata ameketi chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisani, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Mzee alipita karibu naye, akasimama tena, kwa breki ileile, akamwambia, "Inuka, muke wa wenyewe. Ngombe yenu tumeipokea. Ingia unywe." Ndipo Aline akatoka. Ndipo vigelegele vikaja, na mimi nikashuka nikaenda kujificha nyuma ya tangi la maji, nikalia mpaka Mjomba akanifuata.

Harusi itakuwepo, basi. Wananiita shujaa hapa mtaani, na kila wanaponiita nataka kuingia chini ya kitanda. Nimekuandikia wewe ili awepo mtu mmoja wa kwetu anayejua yote mawili, mkono uliochomoa ufunguo na mkono ulioshika kibuyu. Ukikasirika, kasirika. Ukinijibu, nijibu kwa maandishi.

Nisalimie Bibi, umbusu kwa niaba yangu kwenye paji la uso. Nisalimie kaka Idi, mkubwa wetu, na umwambie asiendeshe pikipiki yake kabla ya kuangalia breki, asibishe. Nisalimie wadogo zangu wawili, na ma'mdogo anayeuza vitumbua, na ustadhi aliyenifundisha kusoma. Mjomba Hamisi anasema dada yake asiwe na wasiwasi, mtoto yupo.

Ni mimi mwanao, ambaye mikono yake bado inanuka samli,

Zainabu